Masizi ya Mkaza Mjomba

Niliyaosha kwa sabuni ya unga, kwenye beseni la bluu, kwa mswaki wa zamani. Nalisema hili mwanzoni ili nisipate nafasi ya kuzungukazunguka. Yalikuwa mabehewa ya mfano thelathini na moja, kila moja na urefu wa kalamu. Niliyatoa kwenye reli zake, nikayatumbukiza majini mawilimawili, nikayasugua hadi rangi zikang'aa, kisha nikayapanga juu ya taulo karibu na dirisha yakauke. Ilikuwa Alhamisi asubuhi na nilikuwa naimba.

Wakati huo nilikuwa na miezi mitano nyumbani kwa mjomba. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea afya ya mazingira, na kila wiki nilipeleka barua za maombi ya kazi ambazo hakuna aliyezijibu. Mama aliniambia, "Nenda kakae na mjomba wako, yuko peke yake." Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na macho yake mwenyewe yalikuwa yanafifia. Mjomba aliniita Msomi. Haikuwa kejeli, au labda ilikuwa kejeli ile ndogo ya mtu anayekupenda. "Msomi, nisomee hapa, dawa hii ni mara ngapi kwa siku?" "Msomi, wali umeungua. Au hilo mlisoma mwaka wa mwisho, ukawa mgonjwa?"

Reli ilikuwa chumba cha nyuma. Meza ya plaiwudi, kimo cha kiuno, ilizunguka kuta tatu, na juu yake kulikuwa na stesheni yenye paa la bati lililokunjwa kutoka kwenye karatasi ya sigara, mnara wa maji, nyumba za wafanyakazi, na yadi ya mizigo yenye njia tisa. Mjomba alikuwa amefanya kazi ya reli miaka thelathini, akiunganisha na kuachanisha mabehewa, na alipostaafu aliijenga yadi ileile aliyoiacha. Mataruma ya kulalia reli aliyakata kutoka kwenye vijiti vya kibiriti, maelfu. Kila Jumamosi rafiki yake fundi saa alikuja, wakajifungia, wakaendesha treni kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, na kama treni ya mizigo ilichelewa dakika mbili, nilisikia wakilaumiana kana kwamba kuna watu wa kweli wanaosubiri unga wao.

Miezi mitano nilipita mlango ule nikachungulia, nikatabasamu, nikaenda zangu. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimeamua kuwa ni mchezo wa mzee, na mchezo wa mzee hauulizwi maswali. Unastahimiliwa tu, kwa upendo.

Kisha ikafika zamu yake ya upasuaji. Alikuwa na mtoto wa jicho, pande zote mbili, na daktari alitaka kuanza na jicho la kulia, lililokuwa na hali mbaya zaidi. Hospitali ilikuwa katika mji anaokaa mama, kwa hiyo angelala kwa dada yake siku nane. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na begi lake, akaniambia, "Chumba cha reli kifunike kwa shuka, basi. Usihangaike nacho."

Nilidhani ni adabu. Nilidhani ni maneno ya mzee asiyependa kumchosha mtoto wa dadake. Kwa hiyo nilihangaika nacho.

Nilipoingia na shuka mkononi ndipo nilipoyaangalia mabehewa yale kwa karibu kwa mara ya kwanza, na moyo uliniuma. Yalikuwa machafu mno. Mengine yalikuwa na masizi kuanzia paa hadi magurudumu, mengine yametapakaa vumbi jekundu, mengine yana michirizi myeusi ya mafuta na madoa ya kutu kwenye kila pembe. Nikajiambia: huyu ni mtu ambaye haoni tena. Hana wa kumfutia vitu vyake. Nikamwona akilini, jicho limefunguliwa, anaingia hapa kwa furaha, na kitu cha kwanza anachokiona ni uchafu. Nilikuwa natokwa na machozi ya huruma nilipokuwa napima sabuni. Maji yalipogeuka kahawia, kisha mekundu, kisha meusi kabisa, nilifurahi. Niliyaona kuwa ushahidi wa jinsi kazi ile ilivyokuwa imechelewa.

Jumamosi fundi saa alibisha hodi. Mjomba alimwita Robo, kwa sababu katika maisha yake yote fundi saa yule hakuwahi kufika mahali bila kuchelewa robo saa, na hata siku hiyo alikuwa amechelewa, ingawa hapakuwa na mtu aliyemsubiri. Alikuja kutia mafuta kichwa cha treni wakati mwenzake hayupo.

"Pita, Fundi," nikamwambia. "Kuna kitu nataka ukione."

Nilivuta shuka kama mtu anayefunua keki ya harusi.

Robo alikuwa mtu mwembamba, mwenye lenzi yake ya kazi ikining'inia shingoni kwa kamba. Aliyaangalia mabehewa, akaiweka lenzi jichoni, akainama, akanyanyuka.

"Haya kayaleta nani?"

"Yapi?"

"Haya mapya."

"Si mapya, Fundi. Ni yaleyale. Nimeyaosha."

Alikaa juu ya kigoda. Aliitoa lenzi, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha jichoni, kana kwamba kosa lilikuwa la kioo.

"Umeyaosha na nini?"

"Sabuni. Na mswaki. Lakini taratibu, sikuvunja kitu. Nilikwenda nayo pembe kwa pembe."

"Afadhali ungekuwa na haraka," alisema. "Mtu mwenye haraka huacha kidogo."

Sikumwelewa. Nilicheka hata, kwa sababu alikuwa mtu wa mizaha. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama najua mkaza mjomba wangu alifanya kazi gani.

"Karani."

"Karani wa mizigo. Kila behewa lililoingia yadi lilipita kwenye daftari lake, lina nini, linatoka wapi, linavuja au halivuji. Sasa sikiliza. Mjomba wako alijenga. Mbao, reli, nyaya, vyote vyake. Mkewe alichafua."

"Alichafua?"

"Mwanangu, behewa likitoka kwenye boksi ni plastiki inayong'aa. Ni mdoli. Mkaza mjomba wako alisaga chaki, alisaga tofali, alikusanya masizi ya kibatari, akazimua rangi ya maji mpaka ikawa kama chai ya mgonjwa, akapaka kwa brashi ya nyuzi tatu. Wiki mbili kwa behewa moja. Behewa halichafuki hivihivi tu, alikuwa akisema, linachafuka kwa mzigo wake. Ukimfumba macho ukamfumbua mbele ya behewa lolote hapa, angekwambia lilibeba nini safari tatu zilizopita." "Sisi tulimwita Bi Masizi. Alikuwa anakuja mezani kula na kope nyeusi, mjomba wako anamwambia, nenda kanawe, umeleta yadi nzima ndani."

Niliyaangalia mabehewa. Yalikuwa yanang'aa vizuri sana, ya kijani, mekundu, ya manjano, kama peremende.

"Kwa nini hakupaka vanishi juu?" niliuliza, na ninakumbuka sauti yangu ilivyokuwa, sauti ya mtu anayetafuta wa kugawana naye kosa. "Vanishi ingezuia yasitoke."

"Alikataa. Alisema behewa bado liko kazini, litaendelea kuchafuka. Kila akipata nafasi aliongeza kidogo."

Nje mtu alikuwa anapiga mkeka vumbi, na kila pigo lilinipata mimi.

"Nitampigia simu sasa hivi," nilisema.

"Daktari amemwambia nini?"

"Asiiname. Asibebe kitu kizito. Asifikiche jicho. Asilie."

"Asilie," Robo alirudia. Alitazama meza kwa muda mrefu. "Basi usimpigie. Jicho lipone kwanza. Vumbi la chumba hiki halimfai kabla ya wiki tatu, hata daktari atasema hivyo. Na sisi tutayachafua."

Nataka kusema kuwa nilipinga. Sikupinga. Nilimshika mkono fundi saa yule kwa mikono yangu miwili, kama aliyetupiwa kamba kisimani.

*

Mjomba alirudi Jumatatu na ngao ya plastiki jichoni, amechangamka kama mtoto aliyetoka safari. Alisimama katikati ya sebule akazunguka.

"Ukuta huu ni wa kijani?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Miaka yote hii najua ni wa kijivu. Na wewe una chunusi, Msomi. Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, Mjomba."

"Nilikuwa nakuona mzuri. Nirudishieni mtoto wangu wa jicho." Alicheka mpaka nikamkumbusha asicheke sana. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, huku akivua viatu, "Chumba kiko salama?"

"Kiko salama, Mjomba."

Maneno matatu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi jikoni. Yalitoka laini kiasi kwamba yalinitisha, maana nilikuwa nimeishi miaka ishirini na minne nikijiona mtu asiyeweza kudanganya.

Wiki tatu zilizofuata alikuwa anaona kitu kipya kila siku. Aliona kuwa shati lake alipendalo lina kola iliyochakaa. Aliona ndege juu ya waya. Aliona nyumba ilivyo safi, akanisifu: "Kweli umesomea." Kila alichokiona kwa furaha kilikuwa kinatangulia kile atakachokiona mwisho, nami nilimtilia dawa jichoni mara nne kwa siku, tone moja, nikimshika kidevu, naye alikuwa ananiangalia kutoka chini kwa jicho lile jipya, bila shaka lolote.

Mchana alipolala, nilitoka na kikapu. Ndani yake, chini ya kanga, mlikuwa na mabehewa matano au sita na sanduku la bati nililolikuta kwenye droo ya meza ya reli. Lilikuwa la mkaza mjomba. Brashi zake zilikuwa humo, zimefungwa kwa uzi, na vikopo vya dawa vimejaa unga, kila kimoja na karatasi yenye mwandiko wake mnyoofu wa ofisini: saruji, mkaa, kutu ya paa, kutu ya chini, vumbi la kiangazi, masizi ya zamani. Kopo la masizi ya zamani lilikuwa limebaki robo. Kila nilipochovya brashi humo nilijua kuwa ninammaliza mara ya pili.

Duka la Robo lilikuwa na upana wa mlango na kaunta, saa zimetundikwa ukuta mzima, hakuna mbili zinazokubaliana. Alinipa lenzi ya akiba. Behewa la kwanza nililiharibu. Nililipaka masizi kila mahali sawasawa.

"Hilo limeungua moto," Robo alisema. "Lioshe. Hiyo unaiweza."

Nilistahili. Nililiosha.

Ukweli ni kwamba hakuna kati yetu aliyekumbuka vizuri. Robo alikumbuka kuwa la manjano lilikuwa na madoa meupe, lakini ya saruji au ya unga, hakujua. Alikuwa ameyatazama miaka kumi na tisa kwa namna tunavyotazama nyuso za watu wa nyumbani. Siku ya tatu alisema, "Nenda kaangalie ya kweli. Ndivyo yeye alivyofanya."

Basi nikaenda yadi ya mizigo, upande wa pili wa mji, nikasimama kwenye uzio. Mlinzi alinijia na kirungu chake kwapani.

"Dada, unatafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Naangalia uchafu."

Alinitazama, akatazama mabehewa, akanitazama tena. "Uchafu," alisema. "Basi umefika. Chagua."

Nilikwenda mara tano. Ya tano alikuwa ananiletea kiti. Nilijifunza kuwa masizi hukaa juu ya paa na mvua huyashusha, yakaacha ulimi mweusi chini ya kila ukingo. Nilijifunza kuwa kutu huanzia pale mikono ya watu inaposhika, kwenye ngazi na komeo. Behewa la mafuta lina mchirizi mmoja tu mnene, chini ya mfuniko, kwa sababu mjazaji ni yuleyule na mkono wake hutetemeka pale pale. Nilisomea miaka mitatu jinsi ya kuuondoa uchafu duniani, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba uchafu unaweza kusomwa, kwamba ni kumbukumbu ya nani alishika nini. Nilirudi dukani na kichwa kimejaa, nikaketi, brashi ikawa nyepesi mkononi, na kuna mchana mmoja nilinyanyua macho nikakuta saa mbili zimepita na nilikuwa nimefurahi. Hilo lilinikosesha amani kuliko uongo wenyewe. Nilikuwa ninaburudika juu ya kitu nilichokiua.

Kufikia wiki ya tatu yalikuwa yamekwisha. Robo aliyapitia yote kwa lenzi, moja baada ya jingine.

"Hatajua," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Mungu atusamehe, ni mazuri."

*

Jumamosi ile Mjomba alivaa shati la kola mpya. Robo alifika saa kumi kasoro robo, wakati waliahidiana saa tisa na nusu, na Mjomba akamwambia kuwa sasa hata mishale ya saa anaiona, asijaribu kumdanganya. Tukaingia wote watatu. Mimi sikuwahi kuingia nao. Alinishika bega mwenyewe: "Leo na wewe uone."

Niliondoa shuka.

Aliinama taratibu, kama daktari alivyomruhusu sasa, mpaka uso wake ukawa kwenye kimo cha reli, na akaanza kutembea hivyo pembeni ya meza, behewa kwa behewa. Nilisikia anavyopumua puani. Kwenye behewa la mafuta alisimama.

"Robo. Njoo uone."

"Naona kutoka hapa."

"Huoni. Njoo. Huu mchirizi. Ulikuwa unajua kuna mchirizi hapa?"

"Nadhani," Robo alisema.

"Mimi sikuwa najua. Naapa sikuwa najua. Alipoyamaliza haya mimi tayari nilikuwa naona ukungu, namwambia, vizuri, mama, vizuri sana, na kumbe nasema tu." Alinyoosha mgongo, na jicho lake lilikuwa limelowa. "Nilidhani ninakumbuka mkono wake. Kumbe alikuwa bora kuliko ninavyokumbuka."

Robo alinitazama kutoka upande wa pili wa meza. Lilikuwa tazamo fupi na nililielewa lote. Limepita, lilisema. Nyamaza. Mwachie furaha yake. Na lilikuwa kweli, lingeweza kupita. Hakuwahi kuyaona mabehewa yale vizuri yalipokamilika. Tofauti yoyote angeiweka kwenye hesabu ya jicho jipya. Hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kunishtaki.

Nilijiambia hivyo kwa muda, labda dakika. Nilijiambia kuwa wema wakati mwingine ni kunyamaza. Ningeweza kuishi nalo, nikapata kazi, nikaondoka.

Mjomba alikuwa amefungua kabati la chini, anatafuta kwa mkono. Alinyanyuka na kopo.

"Marehemu hakutaka vanishi, na mimi nilimheshimu. Lakini yeye hayupo wa kuongeza tena. Leo tunayapaka, Robo, yote, yasije yakatoka hata chembe. Nishikie hapa." Akaanza kubandua mfuniko kwa bisibisi, na harufu kali ikajaa chumbani.

"Mjomba, usipake."

"Kwa nini?"

"Si yake."

Alinisubiri, bisibisi ikiwa bado chini ya mfuniko.

"Niliyaosha," nilisema. "Ulipokuwa hospitali. Niliona ni uchafu. Niliyaosha kwa sabuni, yote, sikujua. Hiki unachokiona nimekipaka mimi, wiki hizi tatu, kwa brashi zake na unga wake. Mchirizi ule ni wangu. Nilikwambia chumba kiko salama na nilikuwa nimeshayaosha."

Nilikuwa nimetayarisha mengi zaidi, kuhusu daktari na kutolia. Hayakutoka.

"Yote?" aliuliza.

"Thelathini na moja."

"Na la abiria? Lile la bluu alilolipenda?"

"Na lile."

Alikigonga kifuniko kikarudi mahali pake, kwa kisigino cha mkono, mara mbili. "Na wewe ulijua," alimwambia Robo bila kumtazama.

"Nilijua. Mimi ndiye niliyemzuia kusema."

"Nendeni nje."

"Bwana, jicho lako..."

"Jicho ni langu. Nendeni nje."

Tulikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Robo alichezea kamba ya lenzi yake. "Miaka kumi na tisa nakuja hapa," alisema, "tumegombana kwa kila kitu. Hajawahi kuniambia nitoke." Baadaye akaongeza, "Ungenyamaza tu, uniachie mimi. Nilikuwa nimeshajipanga kulibeba."

"Najua, Fundi."

"Lakini vanishi ile ingeufungia uongo ndani milele," alisema, akaondoka kwenda kwake.

*

Asubuhi nilikunja nguo zangu kwenye begi. Sikuwa na uhakika kama ninafukuzwa, lakini nilitaka kumpunguzia kazi ya kunifukuza. Mjomba hakuwa sebuleni. Alikuwa chumba cha reli, tangu alfajiri kwa jinsi chai yake ilivyokuwa imepoa, ameketi na taa ya mezani na kioo cha kukuzia. Mabehewa yote alikuwa ameyapindua. Yalilala chali, magurudumu juu, katika mafungu mawili.

"Kaa," alisema. "Sitakwambia nimekusamehe. Bado nina hasira, na ukinililia hapa nitazidi."

Nilikaa.

"Mswaki wako haukufika chini. Kwenye ekseli, nyuma ya magurudumu, ndani ya zile pembe za chasisi. Alikuwa anapaka hadi kule ambako hakuna atakayeona, nilikuwa namcheka." Aliligusa fungu dogo, karibu naye. "Kumi na moja bado yana kitu chake. Kidogo. Hilo la abiria halina."

Sikuweza kusema samahani. Neno lenyewe lilikuwa dogo kuliko mswaki.

"Haya ishirini ni yako." Alinisukumia kalamu yenye ncha nyembamba. "Andika chini ya kila moja. Jina lako na mwaka. Sitaki siku moja nizeeke vizuri nikasahau, nikaanza kuyasifu tena."

Niliandika. Kila behewa nililigeuza, nikatafuta sehemu tambarare kati ya magurudumu, nikaandika jina langu kamili kama kwenye cheti. Lilipofika la tisa au la kumi mkono ulianza kuuma. Yeye alikuwa anaandika upande wake, kwenye yale kumi na moja, jina la mkewe, kwa herufi kubwakubwa za mtu ambaye hajaona mwandiko wake mwenyewe kwa miaka.

Alichukua moja langu, la manjano, akaligeuza.

"Hili umelitia nini?"

"Saruji."

"Lilikuwa la unga. Saruji ikipata mvua inaganda, inaacha ukoko. Hii yako inapeperuka. Yeye angekucheka hadi akae chini." Hakucheka yeye. Alilirudisha mahali pake. "Hilo begi la sebuleni ni la nani?"

"Langu."

"Dawa ya jicho ni hadi mwisho wa mwezi, na mimi siwezi kujitilia. Kisha kuna jicho la kushoto."

Nilirudi sebuleni nikazitoa nguo.

Jumamosi iliyofuata Robo alikuja. Nasema alikuja, kwa sababu hatukuwa na uhakika kama angekuja, na alifika saa tisa na nusu kamili, jambo ambalo Mjomba aliliona na hakulitaja. Walipanga treni ya mizigo. Mjomba aliyaweka yale kumi na moja kwenye rafu ya ukutani, akayafunika kwa kioo, na kichwa cha treni kikavuta ishirini tu. Walinipa kazi ya kusimama kwenye njia ya nne na kubadilisha reli wakiniambia. Treni ilitoka yadini, ikapita mnara wa maji, ikanifikia. Masizi yalishuka kutoka kwenye paa jinsi yanavyoshuka kweli, kutu ilikuwa pale mikono inaposhika, na la manjano lilikuwa na kosa lake la saruji ubavuni. Nilisubiri mtu aseme kitu.

"Njia ya nne," Mjomba alisema.

Nikabadilisha reli.